Pini Iliyokusudiwa Kukatika

Ukitoka Mombasa kwa barabara kuu ya Nairobi, ukishaipita Changamwe na kabla hujafika Miritini, utakutana na njia ya kuingilia Mikindani. Wengi wenu mnakijua kitongoji chetu kama mahali pa kulala tu. Alfajiri matatu hututoa zikiwa zimejaa pomoni kuelekea mjini, bandarini na viwandani, na jioni huturudisha tukiwa hoi. Nikikwambia kwamba hapa hapa, katikati ya nyumba za kupanga na meza za viazi karai, kuna watu wanaopata sehemu ya riziki yao kutokana na plau za trekta, bila shaka utanicheka. Trekta gani hilo, na shamba liko wapi?

Basi usinicheke kwanza. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yetu si kubwa: mabati machache yaliyoegemezwa kwenye mwarobaini, mashine ya kuchomelea, grainda mbili, na lundo la vyuma ambavyo mimi huviita taka naye huviita akiba. Yeye hufanya kazi ya mikono, nami nashika daftari. Kila kinachoingia nakiandika: tarehe, ni chombo gani, kimevunjika wapi, kimetengenezwa vipi, na mwenyewe amelipa nini na anadaiwa nini. Kurasa nyingi ni za malori, kwa kuwa tuko karibu na barabara. Lakini ifikapo Februari, watu wanapoanza kutayarisha mashamba kabla ya mvua za masika, huanza kuingia vitu vya ajabu: plau, haro, trela, na zile mashine za kukatia nyasi na vichaka ambazo mafundi huziita slasha.

Wenye vyombo hivyo ni watu wa mjini kama wewe. Mmoja ni mwalimu aliyestaafu, mwingine ana duka, mwingine ni ndugu watatu waliochanga pesa. Wana ekari zao Kilifi au Kwale, wamenunua trekta kuukuu ili lilime kwao kisha likodishwe kwa majirani. Trekta lenyewe hubaki huko huko. Kinacholetwa kwetu ni kile kilichovunjika, kikiwa juu ya lori la mchanga linalokuja mjini, na wanaume sita wa kukishusha.

Kwa miaka ambayo nimeshika daftari hilo nimejifunza jambo moja ambalo sikulisoma shuleni. Mtu anaponunua trekta, macho yake yote huwa kwenye injini. Ataisikiliza inavyonguruma, ataangalia rangi ya moshi, atamwita makanika aipime. Kile kinachofungwa nyuma hukiona kama nyongeza tu, kama vile mkia wa mbuzi. Kumbe trekta lenyewe halilimi hata hatua moja. Kinachoingia ardhini, kinachokutana na mwamba na kisiki, ni hicho kilicho nyuma. Na ukitazama vizuri namna kilivyovunjika, utajua kila kitu kuhusu shamba, dereva, mwenye mali, na hata jinsi wanavyolipana.

Nitakupa mfano wa mzee mmoja jirani yetu. Alifanya kazi bandarini maisha yake yote, akalipwa kiinua mgongo, akaona asikile chote kwa mchele na harusi za watu. Alinunua trekta kuukuu lenye plau ya sahani tatu, slasha na trela, akalipeleka shambani kwake upande wa Takaungu. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata nafasi ya chuo, na karo ilitegemewa kutoka kwenye kazi ya trekta hilo. Dereva alikuwa mpwa wake, kijana aliyekuwa hana kazi. Mpango mzuri kabisa, nawe ungeufanya.

Msimu wa kwanza, plau ile iliingia kwetu mara tatu kabla ya mwisho wa Machi, na mara ya nne ikaja slasha. Mzee akaanza kusema kwamba kijana anamhujumu. Dada yake, ambaye ndiye mama wa kijana, akaacha kuja nyumbani. Mwishowe mke wa mzee alinijia asubuhi moja, akaketi kwenye benchi, akasema, "Mwanangu, nisomee hilo daftari lako. Nataka kujua kama mtoto wa wifi yangu ni mwizi."

Nikamsomea. Mara ya kwanza: sahani mbili zimepasuka ukingoni. Mara ya pili: mkono mmoja wa chini umepinda, pamoja na ile shafti ya kuunganishia plau na trekta. Mara ya tatu: beringi ya sahani ya nyuma imekwisha, kavu kabisa, hakuna hata alama ya grisi, na fremu imeanza ufa. Mara ya nne: giaboksi ya slasha, meno yamekatika.

Yule mama hakuelewa, nami kwa kweli nisingeelewa peke yangu. Nikamwita mume wangu. Akafuta mikono, akaanza kumweleza kama daktari anavyoeleza picha ya eksirei.

Sahani zilizopasuka ukingoni, alisema, ni kazi ya mwamba. Wewe unayeishi Pwani unajua kwamba ukanda wote wa karibu na bahari umekaa juu ya matumbawe ya kale. Ndiyo mawe tunayojengea nyumba. Mahali pengine udongo ni wa kina, mahali pengine jiwe liko shubiri moja chini, limejificha. Plau ya sahani ina sifa moja nzuri: sahani huzunguka, kwa hiyo ikikutana na jiwe au mzizi inaweza kupanda juu yake ikapita. Ndiyo sababu watu huipenda kwenye mashamba yenye visiki. Lakini hupanda ikiwa trekta linakwenda taratibu. Likikimbia, sahani haipati nafasi ya kupanda, hugonga.

Mkono uliopinda ni jambo jingine kabisa. Jiwe haliupindi mkono kwa upande. Mkono hupinda hivyo dereva anapokata kona mwisho wa shamba na plau ikiwa bado imo ardhini. Trekta linageuka, plau inataka kwenda moja kwa moja, na kilicho kati yao ndicho kinachoumia. Sheria ni kuinyanyua plau kwanza, kugeuka, kisha kuishusha tena. Kila dereva anaijua.

"Basi kwa nini hakuinyanyua?" akauliza yule mama.

Swali hilo ndilo lililokuwa na maana kuliko yote. Jibu lilikuja na kijana mwenyewe siku alipoleta slasha. Hakuwa na kiburi, alikuwa amechoka tu. Alisema kwamba plau hupanda polepole mno. Mafuta ya haidroli yalikuwa hayajabadilishwa tangu trekta linunuliwe, na mjomba alisema yangali mazuri. Ukingoja plau ipande, kila kona inakupotezea muda, na shamba moja lina kona kadhaa wa kadhaa. Naye alikuwa akilipwa kwa ekari. Hakulipwa kwa siku wala kwa mwezi: ekari moja, pesa fulani. Mvua inakaribia, watu kumi wanapiga simu, kila mmoja anataka alimiwe kesho. "Ungekuwa wewe, shemeji, ungengoja?" akamwuliza mume wangu.

Mume wangu hakumjibu. Alikuwa amekwisha ifungua ile giaboksi.

Hapa, msomaji, inabidi nikuombe uvumilivu kidogo, kwa maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Slasha huzungushwa na shafti inayotoka nyuma ya trekta. Kwa matrekta mengi ya shamba, shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Chini ya slasha kuna visu vizito vinavyozunguka kwa nguvu ya kutisha. Sasa fikiria kisu kimoja kigonge kisiki cha mnazi kilichofichwa na nyasi. Kisu kinasimama ghafla, injini haitaki kusimama. Nguvu yote hiyo itakwenda wapi? Waliotengeneza mashine waliliona hilo. Kwenye slasha nyingi waliweka pini moja, au bolti moja, ya chuma laini kuliko vyuma vingine vyote, mahali ambapo shafti inaungana na giaboksi. Kisu kikigonga, pini inakatika. Shafti inabaki kuzunguka bure, giaboksi inapona, visu vinasimama. Unashuka, unazima injini, unatia pini nyingine ambayo bei yake haizidi chai na mahamri, unaendelea na kazi.

Ni sawa na fyuzi ya stima nyumbani kwako. Fyuzi ikikatika hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba ni mbovu.

Lakini pini hukatika, na shambani Takaungu hakuna duka la pini. Kijana alikatikiwa na pini mara tatu katika siku moja. Mara ya nne akaenda kwa mtu wa baiskeli aliyekuwa na mkebe wa bolti, akachagua bolti moja nzito iliyotoka kwenye lori. Ukiitazama kichwani ilikuwa imeandikwa 10.9. Namba hizo, msomaji, si mapambo. Bolti yenye 8.8 au 10.9 kichwani ni ngumu. Laini huandikwa 4.6, na nyingine hazina namba kabisa. Bolti ile ilifanya kazi nzuri siku mbili nzima. Haikukatika. Siku ya tatu kisiki kilikuja, bolti ikastahimili, na kilichokatika badala yake ni meno ya giaboksi. Pini ya bei ya chai ikabadilishwa kwa karo ya muhula mzima.

Nimeona jambo hili mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kulichukia neno "imara". Mteja hushusha chombo chake na kusema, "Fundi, nitilie kitu imara, kisivunjike tena." Anadhani fundi mzuri ni yule anayeongeza chuma. Mahali palipopasuka atataka ukanda wa chuma juu, na juu yake mwingine. Chombo kinakuwa kizito, na ufa unahamia mbele kidogo, mahali palipo ghali zaidi.

Mtu mmoja aliyelifikiria jambo hili sana ni Harry Ferguson, mhandisi aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Matrekta ya mwanzo yalikuwa yakikokota plau kwa kishikio kimoja, kama punda anavyokokota mkokoteni. Plau ikikwama kwenye mwamba, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikanyanyuka, na mara nyingine trekta zima likapinduka kinyumenyume na kumwangukia dereva. Katika miaka ya 1920 Ferguson alibuni namna ya kuifunga plau kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, ili plau na trekta viwe kama mwili mmoja. Plau ikigonga mwamba, mkono wa juu husukuma na kuizuia pua isinyanyuke, na uzito hupungua juu ya magurudumu ya nyuma hadi yateleze na kuzunguka pale pale. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na karibu kila trekta la shamba unaloliona leo lina mikono hiyo mitatu. Tazama alichofanya: aliiacha tairi iteleze. Alitafuta mahali ambapo nguvu ingepotea bila kuua mtu wala kuvunja kitu.

Nasi tunafanya nini? Tairi ikiteleza tunapakia mawe, au tunawaketisha vijana wawili juu ya plau wawe uzito. Nimewaona kwa macho yangu, wanaimba. Jiwe moja tu na mmoja wao yuko chini ya sahani.

Usidhani kwamba makosa haya ni ya wanyonge wenye matrekta kuukuu. Mikindani yetu ina jina moja na mji mkongwe ulio kusini mwa Tanzania, karibu na bandari ya Mtwara. Bandari hiyo ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mpwa wangu aliyekuwa akisoma historia ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, na tangu hapo nimeusoma kila ninapoupata, kwa sababu ni kama daftari langu, ila limeandikwa kwa mamilioni ya pauni.

Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu za karanga, wakaanzia Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, kwa hiyo mengi yalinunuliwa kutoka mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Madereva walifundishwa haraka haraka. Kisha wakakutana na Kongwa yenyewe: vichaka vilivyosokotana, mizizi migumu, mibuyu, na udongo ambao kiangazi hukauka kama tofali. Ndani ya udongo huo mna chembechembe za mawe makali zinazosaga chuma kama msasa. Visu vya plau vilikwisha kabla ya kazi kuanza vizuri. Ilipofika mwisho wa kiangazi cha 1947, thuluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mwaka huo walitarajia kulima ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000. Wakajaribu hata kufunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili ili ung'oe vichaka. Kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umefungwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda na maji.

Sababu zilikuwa nyingi, mvua ikiwa mojawapo. Lakini mimi ninapousoma mpango ule naiona karakana. Namwona fundi ambaye spea zake ziko melini, na bwana mkubwa aliye London anayeuliza jambo moja tu: ekari ngapi leo?

Swali hilo hilo ndilo mzee wetu alilokuwa akimpigia kijana simu kila jioni.

Turudi kwenye plau yake. Alipoziona zile sahani mbili zilizopasuka, mzee alitaka zichomelewe. Mume wangu akakataa, na wakazozana mpaka majirani wakatoka nje. "Nyinyi mafundi mnataka tu tununue vipya," alisema mzee. Haikuwa hivyo. Sisi dukani hatupati kitu. Kwenye kuchomelea ndiko tunakopata. Ila sahani ya plau si bati. Ni chuma kigumu kilichochomwa na kupozwa kiwandani kwa makusudi, ili kisiliwe upesi na udongo. Ukikitia moto wa mashine mahali pamoja, kisha kikapoa ghafla kwa upepo, pembeni mwa kidonda ulichoziba hubaki mstari mkavu kama kioo. Kwa macho unaona kazi safi. Shambani hupasuka pale pembeni, na safari hii kipande huruka.

Fremu ni tofauti. Fremu inaweza kutengenezwa, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuchomelea ni kazi ya subira. Kwanza alitafuta mwisho wa ufa, akatoboa tundu dogo pale, ufa usiendelee kutembea. Akasaga mdomo wa ufa mpaka moto ufike chini. Akapasha chuma joto taratibu kabla ya kukichomelea, na alipomaliza akakifukia kwenye majivu makavu kipoe polepole usiku kucha. Na rodi zake lazima ziwe kavu. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na rodi za aina anayotumia kwa vyuma vizito zikiachwa wazi hunywa maji, kisha yale maji huingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kukifanya kiwe na vitundu na nyufa. Kwa hiyo huzikausha kwenye oveni. Oveni hiyo niliinunua mimi kwa pesa zangu, nikitaka kuoka keki za kuuza. Keki nilizookea humo hazifiki tano.

Stima ikipotea katikati ya kazi, inabidi aanze tena kupasha joto. Wateja hawaoni hayo, huona siku mbili na hesabu.

Beringi ilikuwa rahisi kuliko zote na ndiyo iliyoniuma zaidi. Kila sahani huzunguka juu ya beringi, na kila beringi ina mahali pa kutilia grisi. Ni kazi ya dakika chache asubuhi. Lakini bomba la grisi la trekta lile lilikuwa limepotea, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema linunuliwe jingine.

Wewe unayesoma haya huenda huna trekta, wala hutarajii kuwa nalo. Lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba una ekari mbili mahali fulani, au wazazi wako wanazo, na siku hizi trekta hukodishwa kwa simu kama teksi. Unapiga, unatuma pesa, unabaki Mombasa. Basi nakuomba kabla halijafika nenda shambani wewe mwenyewe. Tembea ukiwa na kijiti, chokoa, na kila penye mwamba au kisiki simika mti ufunge kitambaa cheupe. Dereva atakushukuru. Ikiwa ardhi ni ngumu kama sakafu, ngoja mvua mbili tatu za mwanzo zilainishe. Utalima siku chache baadaye lakini utalima. Usimwahidi dereva zawadi akimaliza kabla ya jua kutua. Na ukimwona anashuka kubadilisha pini, usimkaripie kwamba anapoteza wakati wako.

Na akina mama wenzangu, nawasihi sana juu ya watoto. Ile shafti ya nyuma inayozunguka mara tisa kwa sekunde inatakiwa kuwa na kifuniko, lakini vifuniko vingi vimevunjika zamani na hakuna aliyevirudisha. Pembe ya leso, kanzu au dira ikishikwa pale, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuivuta. Injini ikiwa inanguruma, watoto wakae mbali, hata kama wamekuja likizo na wanataka kupigwa picha.

Mzee hakukubali mambo haya kwa siku moja. Mkewe ndiye aliyempigia hesabu. Alichukua karatasi akaandika upande mmoja alichookoa: mafuta ya haidroli ambayo hayakubadilishwa, bomba la grisi, pini. Upande wa pili akaandika yaliyomo daftarini mwangu. Karatasi hiyo aliiweka chini ya sahani ya mzee wakati wa chakula cha mchana, akaenda kuswali. Siku mbili baadaye mzee alimwendea dada yake.

Binti hakwenda chuo mwaka huo. Alichelewa mwaka mmoja, akafanya kazi ya kuuza dukani, na sasa yuko mwaka wa pili. Kijana angali dereva, ila halipwi tena kwa ekari. Hulipwa kwa mwezi, na juu yake hupewa kitu msimu ukiisha ikiwa plau haikupanda lori kuja Mikindani. Mafuta ya haidroli yalibadilishwa, na plau sasa hunyanyuka kabla hujahesabu tano. Sahani zile mbili zilizopasuka zilibaki kwetu. Moja imetundikwa kwenye mwembe wa shule ya chekechea hapa mtaani, hugongwa kwa nondo saa mbili asubuhi. Ya pili iko kwenye lundo, kwenye ile akiba.

Masika yaliyopita mzee alikuja na mkebe wa Blue Band, akaumimina juu ya meza yangu. Zilikuwa pini zilizokatika, kijana alikuwa ameziweka zote kama alivyoagizwa. Nikazihesabu: kumi na moja.

"Kumi na moja!" akasema mzee. "Mtoto huyu ataniua."

Mume wangu, akiwa amevaa miwani yake myeusi, akauliza kutoka kule nyuma, "Na giaboksi?"

"Giaboksi nzima."

Mzee akazihesabu tena mwenyewe, moja moja, akizipanga kwa mistari. Kisha akaagiza nyingine dazeni mbili, zile za 4.6, akaniambia nimwandikie risiti.